Jogoo ninayemtaka ni kishingo

Nina matetea sita na jogoo mmoja nyuma ya nyumba, hapa Tanga, na jogoo mwenyewe sasa anapanda mabinti zake. Lazima niingize damu mpya. Kila ninayemgusia habari hii ananijibu neno lile lile: chotara. Chukua Kuroiler, chukua Sasso, utaona raha.

Hawadanganyi. Kuroiler mbegu yake ni ya India, Sasso ni ya Ufaransa, na wote wanakua upesi. Ukiwalisha vizuri, tetea anaweza kupita mayai 150 kwa mwaka, wakati tetea wa kienyeji anayejitafutia hupata 40 hadi 60. Ila hapo kwenye kulisha vizuri ndipo ninapokwama. Mwili mkubwa unadai pumba, mashudu na dagaa kila siku ya Mungu, na kuku wangu wanaishi kwa makombo ya jikoni na wadudu wanaochakura chini ya mwembe.

Tena chotara, mara nyingi, haatamii. Kwa wenye mashine ya kutotolea hilo si neno, lakini kwangu ni kubwa, maana hapa kifaranga asiye na mama ni chakula cha kunguru. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasafishe taka, wakaenea pwani nzima. Nina tetea mweusi ambaye kivuli cha kunguru kikipita tu anatoa mlio mmoja mfupi, wa chini, na vifaranga wote wanazama chini ya mbawa zake. Kunguru akithubutu kutua, anarukiwa miguu mbele. Silka hiyo siuzi kwa trei za mayai.

Kuchi, aina nyingine ya kuku, nimemtamani sana, nakiri. Urefu ule, kifua kile, anavyosimama wima kama askari wa gwaride! Na sokoni bei yake haishikiki. Lakini hatagi sana, na ni mgomvi, hata majike yao. Ua wangu ni mdogo, wanyonge hawana pa kukimbilia.

Nimebaki na kishingo, yule kuku wa shingo isiyo na manyoya, na kadiri ninavyomfikiria ndivyo ninavyozidi kumpenda. Kuku hatoki jasho. Joto linamtoka kwa kuhema, na kupitia ngozi iliyo wazi: upanga, ndevu, miguu. Wakati wa kaskazi, saa nane mchana, jogoo wangu anasimama mdomo wazi, mbawa kaziachia mbali na mwili, hata mahindi hayataki. Kishingo hakupungukiwa manyoya shingoni tu, mwili mzima ana manyoya machache, kwa hiyo joto linapata njia. Kuku asiyeelemewa na joto anakula, na anayekula anakua. Watu wanamdharau, wanadhani kanyonyoka kwa ugonjwa. Mimi naiona ile shingo nyekundu juani, naona kuku aliyeumbwa kwa ajili ya pwani.

Sasa, ukienda kumchagua, mtazame mbele ya shingo, pale chini karibu na kifua. Akiwa na kishungi cha manyoya, amerithi kwa mzazi mmoja tu, na kwa matetea wa kawaida takriban nusu ya vifaranga wake ndio watakaomfuata. Akiwa mtupu kabisa, au na vinyoya viwili vitatu tu, amerithi kwa baba na mama, na vifaranga wake wote watatoka shingo wazi. Huna haja ya kusubiri wakue, siku ya kuanguliwa tu unaona. Mimi namtaka huyo mtupu, na muuzaji asinihimize mpaka nimemshika mkononi nikamgeuza.

Akifika atakaa peke yake upande wa pili wa ua, kwa majuma mawili au zaidi, nimtazame kinyesi na macho. Mdondo, ule ugonjwa wa Newcastle unaoua kuku, haubishi hodi. Atapata chanjo yake, iitwayo I-2, tone moja jichoni, na hawa wenyeji nao watapata siku hiyo hiyo, kisha tunarudia kila baada ya miezi 3. Jogoo niliye naye atakwenda Muheza kwa dada yangu, ambaye wake alichukuliwa na kicheche. Wawili kwenye ua huu watatoana damu.