Simba Subiri Kwanza, Tuanze na Kongoti

Sisi wa Nairobi tunapenda kujisifu kwamba jiji letu lina mbuga ya wanyama mlangoni. Kweli tunayo. Ilitangazwa mwaka 1946, ya kwanza Kenya, ina kilomita za mraba 117, na treni ya Naivasha hupita juu yake kwenye daraja la kilomita kama sita. Sasa waulize watu wa steji ni nani aliyewahi kuingia. Wengi watakwambia walipelekwa na shule, wakala mkate na soda ndani ya basi, wakaona matako ya twiga, wakarudi nyumbani. Huko ndani hakutembelewi kwa miguu, unahitaji gari. Na wengi wetu gari letu ni matatu.

Mimi ni mbunifu wa michoro. Nachora nembo, vifungashio vya unga, kalenda za sacco. Mara kwa mara huja mteja anayetaka bango la kuhifadhi wanyamapori, na kabla hajafungua kinywa najua atakachoagiza: jua linazama, mgunga mmoja, simba anatazama mbali, na chini nambari ya paybill. Nimechora simba huyo mpaka mkono unajichorea wenyewe. Sijawahi kukutana na mtu aliyelitazama bango hilo akabadilika chochote, zaidi ya kusema ni zuri.

Ubunifu ninaouhusudu ulitoka upande wa pili wa mbuga ile, Kitengela, ambako kusini hakuna ua na simba huvuka kufuata ng'ombe. Richard Turere alikuwa mvulana mdogo tu aliyekabidhiwa kulinda mifugo ya baba yake. Alijaribu moto, simba hawakujali. Akajaribu sanamu ya mtu. Siku ya kwanza waliiogopa, baadaye wakaizoea. Usiku mmoja akizunguka boma na tochi akagundua kwamba kinachowatisha ni mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kifaa cha indiketa cha pikipiki na balbu za tochi mbovu, akazipanga ziwake kwa zamu. Simba akidhani mtu yuko macho anazunguka, mtoto huyo amelala zake. Mwaka 2013 alisimama jukwaani Marekani akaeleza mtambo wake. Ninachokipenda ni kwamba hakuanza na simba wala na teknolojia. Alianza na boma la baba yake na usingizi wake mwenyewe.

Basi nikajiuliza: boma la mtu wa mtaa kama South C hapa Nairobi ni lipi? Ni kiti cha matatu, saa nzima kwenye foleni ya Mombasa Road. Na mnyama anayemwona kila siku bila kwenda popote ni kongoti, yule mzee mwenye upara anayesimama juu ya migunga karibu na uwanja wa Nyayo. Ni ndege wa mita moja na nusu, mabawa yakikunjuliwa yanapita mita mbili na nusu, na watu wanampita kama nguzo ya stima. Wakimtaja, ni kumtukana tu: mchafu, anakula takataka. Anakula, ndiyo. Takataka na mizoga tunamwekea sisi.

Nikachora stika yake, ukubwa wa karatasi ya A4, ya kubandikwa mgongoni mwa kiti, pale ambapo kwa kawaida unasoma kwamba nauli hulipwa kabla ya safari. Sikutaka ifanane na kitabu cha shule. Herufi zake ni zile nene zenye kivuli za nganya, yaani matatu za mapambo, rangi ya chungwa inayopiga kelele, na kongoti mwenyewe ameangalia abiria uso kwa uso. Chini kuna maneno machache: miguu yake ni myeusi, unavyoiona nyeupe ni kinyesi chake, anajinyia makusudi apate kupoa. Kisha swali: “Umemwona akijenga kiota wapi?”

Rafiki yangu wa mambo ya kompyuta alitaka tuweke ile miraba ya kuskani. Nilikataa. Nani anatoa simu karibu na dirisha la matatu pale mjini? Itanyakuliwa kabla kamera haijafunguka. Na bando la kupakua programu mpya atalitoa wapi mtu aliyenunua la shilingi ishirini apate kuongea na watoto? Tukaweka nambari ya WhatsApp tu, ujumbe utumwe ukifika nyumbani. Fundi wa stika akazibandika akisukuma mapovu ya hewa kwa kadi ngumu, huku akiuliza kwa nini nisichore Arsenal.

Majibu yaliyokuja mengi ni sauti, si picha. Mama mmoja anayeuza mboga alieleza kwa utulivu mkubwa mti upi una viota na upi ulikatwa barabara ya juu ilipojengwa. Makanga akatuma video ya mwewe akimnyang'anya mtu chapati. Picha zinazofaa, mwenyewe akikubali, nazipandisha kwenye iNaturalist, mtandao ambao watu huweka picha za viumbe walivyoviona. Programu hukisia jina, watu wanaojua huthibitisha, na rekodi ikipita hufika GBIF, hazina ya kimataifa ya rekodi za viumbe, ambako watafiti huichukua. Kwa viumbe walio hatarini, kama faru, iNaturalist hulificha eneo halisi lisionekane na kila mtu, na kwangu huo ni ubunifu kuliko rangi zangu zote.

Sasa mwenye matatu kaja juu. Kongoti amemchosha, anataka simba, na abiria wanamuunga mkono. Nimekubali kwa sharti moja: kila gari lake lipate simba tofauti, na si wa kubuni uso. Simba hutambulikana kwa madoa ya masharubu, ukilinganisha yale ya mstari wa juu kabisa na mstari ulio chini yake. Njia hiyo ilichapishwa na Pennycuick na Rudnai mwaka 1970, na Rudnai aliwachunguza simba wa mbuga hii hii yetu. Siku hizi kompyuta huifanya kazi hiyo kwa picha, lakini abiria aliyekwama Bellevue ana muda wa kutosha kuhesabu madoa mwenyewe, kisha ayatafute kwenye matatu ya mbele.

Mwenye matatu amelipenda wazo. Anataka wa gari lake jipya awe dume mwenye manyoya meusi shingoni. Simba tumeelewana, bei ndiyo bado tunavutana.