Siku tuliyomkamata nzi jambazi manzukini kwa baba mdogo

Mwaka ule nilikuwa nimeahirisha chuo kwa sababu ya ada, nikaona badala ya kuzurura mjini bora niende Sikonge kwa baba mdogo nikamsaidie kazi za manzuki, yaani pale anapofugia nyuki. Wanaoijua Tabora wanajua, kule mtu anaweza akawa na tumbaku na mahindi lakini ukimuuliza mali yake anakupeleka kwenye mizinga. Baba mdogo alikuwa na mizinga ya magome imetundikwa huko ndani msituni, halafu ile ya mbao ya kisasa kaining'iniza kwa waya pembeni ya shamba la mahindi, na hii ya karibu ndo tulikuwa tunaipitia kila asubuhi kuangalia kama siafu hawajapanda au nyegere hajafika.

Mvua za kwanza za mwezi wa 11 zilipoanza, jua likawa linawaka vizuri asubuhi baada ya mvua ya usiku, tukaanza kuona kitu ambacho kilimnyima raha baba mdogo. Kulikuwa na mdudu mkubwa, mwili mrefu unaoishia kwa kuchongoka, miguu imejaa nywele, anakaa juu ya kisiki mbele ya mizinga katulia kabisa utadhani kafa. Nyuki akipita tu, huyo, anaruka, na kabla hujajua kilichotokea karudi palepale kamkumbatia nyuki. Chini ya kile kisiki kulikuwa na nyuki wakavu wengi tu, umbo zima lipo, mabawa yapo, lakini ndani hamna kitu, ukipuliza wanapeperuka. Baba mdogo alisema hawa ni nyigu na wataniulia kundi, na alikuwa na dawa ya wadudu iliyobaki shambani pamoja na bomba la kupulizia, akapanga Jumamosi apige eneo lote la mbele ya mizinga.

Ijumaa yake akaingia dada yetu, mtoto wa shangazi, anayefanya kazi ya wadudu Morogoro. Alikuja likizo tu. Akamwamkia, "Shikamoo mjomba," na baba mdogo hata maji hajampa vizuri akaanza kumlalamikia habari ya nyigu. Dada akasikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Mjomba, nakuomba, kabla hujapuliza chochote nimwone huyo mdudu. Ukipiga dawa hapo mbele, wa kwanza kufa ni nyuki wako wenyewe wanaotoka na kuingia." Baba mdogo akanyamaza. Hilo alikuwa analijua, ila hasira ilikuwa imemtangulia.

Kesho yake mapema tukaenda watatu. Dada alikuwa na wavu wa chandarua kaushona mwenyewe, chupa ya mdomo mpana, na lenzi ndogo ya kuvaa shingoni. Tukakaa chini kabisa, mbali kidogo na njia ya nyuki. Akasema hawa hawaamki mapema, wanasubiri jua liwapashe, na kweli jua lilipopanda wakaanza kuonekana mmojammoja kwenye visiki na ncha za vijiti vikavu, sehemu za wazi ambako kitu kikipita juu kinaonekana dhidi ya mwanga wa anga.

Akaokota kipande kidogo cha udongo akakirusha hewani mbele ya yule wa kisiki. Mdudu akageuza kichwa, kichwa peke yake mwili haujasogea, nakumbuka baba mdogo alinishika mkono, halafu akaruka kukifuata kile kipande, akakikagua hewani, akaona sio, akarudi kukaa. Dada akarudia, ikawa vilevile. Yani mdudu yule anaona kitu kidogo kinapita, anapima, na haendi kule kilipo, anaenda kule kitakapokuwa. Miaka mingi baadae, 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa kazi yao kuhusu ndugu mdogo wa huyu anayeishi Marekani, Holcocephala fusca, ana urefu wa milimita 6 tu, walimchezea kwa shanga zilizovutwa kwenye uzi, wakaona anaanza kuifuata shanga kutoka karibu nusu mita, na akifika kama sentimita 29 anabadilisha mwendo ili aikaribie kwa nyuma na kasi zao zilingane ndo aikamate. Niliposoma ile habari nilirudi moja kwa moja kwenye kile kisiki cha Sikonge.

Tukiwa bado tunaangalia, akamkamata nyuki kweli. Dada akatuambia tusogee polepole, tukafika karibu kabisa. Alikuwa ananing'inia kwenye kijiti kwa mguu mmoja wa mbele, miguu mingine yote imemfunga nyuki, na mdomo wake umezama pale shingo inapokutana na kifua. Nyuki alikuwa anakunja tumbo, mwiba umetoka, anatafuta pa kuchoma, lakini miguu ile mirefu inamweka mbali na mwili na usoni kwa yule mdudu kuna nywele ngumu nyingi, sharubu hasa, zinazomlinda. Haikuchukua muda nyuki akaacha kujikunja. Dada akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mdomo wake ni sindano, anachoma anaingiza mate yenye sumu ya kuzima mishipa ya fahamu pamoja na kimiminika cha kuyeyusha nyama, ndani ya nyuki kunakuwa uji, halafu anafyonza. Ndo maana ya wale nyuki wakavu chini ya kisiki.

Basi akamfunika na wavu kutokea nyuma na chini, akamtia kwenye chupa, na mpaka anakufa alikuwa bado hajamwachia nyuki. Akatuonya pia tusije tukamshika mkononi akiwa hai, hamfuati binadamu wala mnyama lakini ukimbana anachoma na inauma.

Akamweka juu ya karatasi nyeupe akampa baba mdogo lenzi. "Mjomba, hesabu mabawa." Baba mdogo akahesabu. Mawili. Akageuza, akatafuta mengine chini, hakuna. Nyigu ana manne, nyuki ana manne, ya nyuma madogo yameshikana na ya mbele. Huyu nyuma ya mabawa ana vijiti viwili vifupi vyenye vichwa, kama njiti za kiberiti, vinapigapiga anaporuka na ndo vinamwambia mwili umelala upande gani, ukivikata hawezi kuruka sawasawa. Mwenye mabawa mawili na vijiti hivyo ni nzi, yuko oda moja, yaani kundi kubwa moja la wadudu, na mbu na mbung'o. Hapo kwenye mbung'o baba mdogo akainua kichwa, maana mtu wa msitu wa Sikonge humfundishi mbung'o. Akasema, "Huyu na mbung'o ni ukoo mmoja?" Dada akasema ukoo mkubwa ni mmoja, lakini ni wa mbali sana, kwanza mbu wenye vipapasio, zile pembe za kichwani, virefu vyenye pingili nyingi wako upande wao, halafu upande wa nzi wenye vipapasio vifupi kuna matawi mengi, mbung'o na nzi wa nyumbani wako tawi moja, huyu yuko lingine la zamani, na mabaki ya jamaa zake yamekutwa kwenye mawe ya Brazil yenye zaidi ya miaka milioni 100.

Familia yake inaitwa Asilidae, jina lililowekwa na Mfaransa Latreille mwaka 1802 kutokana na Asilus, jina alilolitoa mwanasayansi Msweden Linnaeus. Sisi tulimwita nzi jambazi tu. Dada akasema spishi zilizoandikwa zimepita 7,000 dunia nzima na wapo kila bara isipokuwa Antaktika. Sikutegemea kabisa. Mimi nilikuwa nimekua najua nzi ni wa chooni na wa kwenye nyama, basi, kumbe kuna familia nzima ya nzi ambao kila mmoja akikua ni mbuai, yaani mwindaji, na hawana habari na uchafu wetu hata kidogo.

Nilipopata zamu ya lenzi akanielekeza juu ya kichwa. Kati ya macho mawili makubwa kuna bonde, macho yamepanda juu kuliko utosi, na ndani ya lile bonde kuna vijicho vitatu vidogo vimekaa kwenye kinundu. Bonde na sharubu pamoja, akasema, ndo kitambulisho cha kuanzia cha familia hii, wawe wembamba kama sindano au wanene wenye manyoya kama nyuki. Na wapo hao wanaofanana na nyuki, hapa Afrika kuna Hyperechia, mweusi mnene, anafanana na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao za paa, na buu wake anaishi humohumo kwenye mbao anakula mabuu ya hao nyuki. Mie hilo lilinikaa kichwani kuliko yote, kwamba anavaa sura ya yule anayemla mtoto.

Halafu tukahamia kwenye bawa. Mishipa ya bawa inagawa bawa vyumba vyumba, na watu wa nzi wanasoma vyumba hivyo. Akaniambia nione chumba kirefu cha ukingo wa mbele kimefungwa kabla hakijafika pembeni, kisha nihesabu vyumba vinavyofuata chini yake, wengi wanavyo viwili, huyu anavyo vitatu. Nikahesabu vitatu. Akatabasamu, akasema basi jenasi yake, yaani kikundi cha spishi za karibu ndani ya familia, ni Promachus, na hao ndo mojawapo ya wanaojulikana kwa kupenda nyuki. Spishi hakutaja. Alisema kwa jike kama huyu haiwezekani kwa uhakika, inabidi dume, maana spishi nyingi za familia hii zinatofautishwa kwa viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini, na madume ya Promachus wengi unawajua kwa nywele nyeupe ncha ya tumbo.

Baba mdogo sasa alikuwa ameelewa kila kitu lakini swali lake lilikuwa palepale, anakula nyuki wangu au hali? Dada hakumdanganya, nilimpendea hapo. Alisema anakula. Ila kundi lenye afya lina makumi ya maelfu ya nyuki na malkia mzuri kipindi cha chakula anataga zaidi ya mayai 1,000 kwa siku, nzi wachache wa kwenye visiki hawawezi kulimaliza, na huyu hachagui nyuki tu, anakamata panzi, nyigu, mbawakavu, nzi wenzake na hata kereng'ende. Hatari ya kweli ni moja, malkia mpya anapotoka kwenda kupandwa akakutana naye, hapo kundi linaweza kuyumba. Kwa hiyo ng'oa visiki na vijiti vikavu vilivyo mbele kabisa ya mizinga, asipate pa kuvizia karibu na mlango, basi.

Baada ya hapo dada akamchukua baba mdogo tukaingia kwenye mahindi. Akainama anatafuta chini, tukawa hatujui anatafuta nini, mpaka akatuonyesha ganda la kahawia limesimama nusu nje ya udongo, lina miiba midogo, mgongoni limepasuka. Lilikuwa ganda la pupa, ile hatua ya mwisho kabla buu halijawa nzi. Buu la nzi huyu linaishi ardhini, kwa spishi nyingine mwaka mmoja na nyingine hadi mitatu, likiwa pupa linajisukuma lenyewe mpaka juu kwa miiba ile, nzi anatoka anaacha ganda hapo. Na huko chini mabuu ya Promachus yanakula wale funza weupe wa mbawakavu wanaokata mizizi. Akasema Argentina kuna nzi wa familia hiihii, Mallophora ruficauda, wafugaji nyuki wa huko wanamlalamikia kama mjomba anavyolalamika, lakini buu lake linawamaliza funza weupe kwenye udongo wa mashamba na malisho yao, jike anataga mayai juu ya majani marefu, vibuu vikianguliwa upepo unavisambaza, vikifika chini vinamtafuta funza kwa harufu.

Baba mdogo alisimama pale kwenye mahindi na lile ganda kiganjani muda mrefu. Wale funza alikuwa anawajua vizuri sana, msimu uliopita walimlaza mahindi kona nzima ya shamba. Akasema, "Kwa hiyo huyu ananidai huku, ananilipa huku." Tukarudi, akachukua panga akaanza kung'oa visiki mwenyewe. Lile bomba la dawa likarudi stoo.

Jioni dada akamchoma nzi pini, akamchoma na nyuki wake pembeni yake kwenye pini hiyohiyo, maana mawindo nayo ni taarifa, akaandika kikaratasi kidogo mno chenye mahali, tarehe, na jina la mkusanyaji. Akaniambia nzi asiye na kikaratasi hicho hana kazi yoyote maabara. Pale kwenye jina baba mdogo akauliza, unaandika jina lako? Dada akasema jina ni la mwenye manzuki, akaandika la baba mdogo, akamsomea.

Alipoondoka alituachia wavu na chupa moja, na ombi moja, dume lenye nywele nyeupe. Nilidhani kazi hiyo ni yangu. Wapi, ikawa kila tukienda manzuki baba mdogo kabeba wavu begani, anakaa chini kwenye jua kama alivyofundishwa, ananikataza kuongea. Alipompata alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya shamba nikajua nyegere kaingia, nakimbia na fimbo namkuta kapiga magoti kaushika wavu chini kwa mikono miwili. Ncha ya tumbo ilikuwa nyeupe kabisa. Tukamfunga kwenye kikopo na pamba, kikaratasi nikaandika mimi yeye akisimamia kila herufi, tukaenda Tabora mjini kumpa kondakta wa basi la Morogoro, na baba mdogo akamsisitizia kondakta kwamba kile kikopo kisikae kwenye buti na mizigo, kikae mbele kwa dereva.