Spidwei ya Uingereza: tazama udongo kwanza

Mgeni wa ligi kuu ya spidwei Uingereza, yaani mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo wenye umbo la yai, huuliza kasi. Mimi hutazama udongo. Pikipiki zote ni za cc 500, silinda moja, gia moja, zinakunywa methanoli na hazina breki (ndiyo, hazina kabisa). Kona hukatwa kwa kutelezesha gurudumu la nyuma, mguu wa kushoto wenye kiatu cha chuma ukiburuzwa chini.

Mwanzoni mwa jioni njia ya ndani hulipa. Mbio chache baadaye matairi yameshasukuma udongo mlegevu hadi ukingoni, ndani pamebaki pagumu, panateleza. Anayeng'ang'ania ndani hupitwa na aliyetanua nje akapata mshiko. Fundi naye hubadili sproketi ya nyuma (gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo): ikiwa na meno mengi, pikipiki huchomoka vizuri kwenye utepe wa kuanzia, ila kwenye sehemu iliyonyooka injini hufika kikomo mapema. Tairi likilika upande mmoja hugeuzwa. Maji yakizidi uwanjani, gurudumu hushika ghafla na kumnyanyua dereva; yakipungua, ni vumbi tupu.

Hesabu ya pambano la timu mbili ni rahisi: mbio 15, madereva wawili kila timu, mizunguko minne, pointi 3-2-1-0. Jumla 90, ushindi unaanzia 46. Kwa hiyo ile pointi moja ya nafasi ya tatu, hasa ya dereva wa akiba, naithamini kuliko mashabiki wengi. Timu ya Belle Vue ya Manchester ilisubiri tangu 1993 hadi 2022 kutwaa tena ubingwa.