Bure na huria: tulivyochagua programu ya kufanyia kazi pamoja

Mhasibu wetu aliniita mezani kwake akanigeuzia kompyuta. "Kaka, yale makubaliano na msambazaji, si tuliandikiana humu humu? Yamekwenda wapi?" Nikatafuta jina la msambazaji. Yakaja majibu mawili, yote ya wiki iliyopita. Chini yake mstari mmoja: ujumbe wa zaidi ya siku 90 umefichwa, lipia uusome. Makubaliano yetu yalikuwa ya miezi mitano nyuma.

Programu ile ya mazungumzo ya kazini tuliitumia bure kwa miaka miwili, watu 38 wa ofisini na wengine 20 wa kujitolea wanaokuja na kuondoka. Kikomo cha siku 90 kilikuwa kwenye masharti, na mimi ndiye niliyekabidhiwa mambo ya kompyuta. Mkurugenzi akanipa wiki sita nilete pendekezo.

Kilichonifungua macho kwanza ni kutenganisha bure na huria. Kiswahili kina maneno mawili hayo, lakini vikaoni tulikuwa tunayachanganya. Tuliyokuwa nayo ni ya bure: hulipi, ila data inakaa kwa mwenye programu, na masharti anayabadilisha yeye. Nextcloud, programu ya kuhifadhi na kushirikiana mafaili, iliyoanza mwaka 2016 baada ya Frank Karlitschek kuondoka ownCloud, programu ya aina hiyo hiyo aliyoianzisha yeye, ni huria: msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi, unaisimika kwenye seva yako mwenyewe, hata watumiaji wakiongezeka haikudai chochote. Na leseni inayo, AGPLv3, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha; kuwa na leseni si lazima iwe ya kulipia. Ndiyo maana siku hizi nasema "ya kulipia", sisemi "ya leseni".

Nikaisimika kwenye seva ya majaribio. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nimeshaamua moyoni. Kisha nikafanya jambo ambalo namsihi kila mtu alifanye kabla ya kutia saini popote: niliifuta yote, nikajaribu kuirudisha kutoka kwenye nakala rudufu. Mafaili yakarudi, hata moja halikupotea. Lakini nani amemshirikisha nani, maoni ya watu, viungo tulivyotuma nje, vyote vilikuwa vimeyeyuka, kwa sababu hivyo hukaa kwenye hifadhidata, nami nilikuwa nimenakili mafaili peke yake. Nikarudia. Mara ya tatu ndipo kila kitu kilikaa sawa, na kazi ile ilinila karibu saa nne. Nikagundua pia kwamba matoleo makubwa hayarukwi: ukibaki nyuma kwa matatu, unapanda moja moja hadi ulifikie la sasa. Nikajiuliza, nikilazwa hospitali mwezi mzima, nani ataifanya kazi hii? Pale ofisini hakuwepo.

Upande wa kulipia, hesabu ni ya kila kichwa kwa kila mwezi. Tukiwaingiza wale 20 wa kujitolea, bili inapanda kwa zaidi ya nusu, na wengine wao huingia mara mbili tu kwa mwezi. Mambo kama kuingia kila mahali kwa akaunti moja yalikuwa kwenye daraja la juu. Nikajaribu pia kuitoa data yetu. Mazungumzo ya wazi yalitoka, ya faragha hayakutoka kwenye daraja tuliloweza kulimudu. Kuanzia hapo kila muuzaji nilimtaka anijibu kwa maandishi: tukiondoka, tunaondoka na nini?

Tukaamua hivi. Barua pepe na mazungumzo tunalipia, kwa wale 38 tu. Mafaili yako Nextcloud, lakini seva inatunzwa na kampuni tuliyoingia nayo mkataba. Masasisho na nakala rudufu ni juu yao, nasi tunachukua nakala yetu kila wiki. Huko tunalipia nafasi ya diski, kwa hiyo wa kujitolea wanaingia bila kutuongezea gharama. Mkurugenzi alitaka kila kitu mahali pamoja, na namwelewa, maana kumfundisha mtu mgeni programu mbili kunachosha. Bado naona tulichagua vizuri.

Kabla ya kuhama tulilipia ile ya zamani mwezi mmoja. Ujumbe uliofichwa ukafunguka. Mhasibu akakaa nami, tukatafuta jina la msambazaji, akayasoma makubaliano yale neno kwa neno, akayachapisha, akayatia kwenye jalada lake.