Mama Aliyekataa Kushika Kafi

Mwanangu alikuja jikoni na daftari la kazi ya nyumbani. "Taja njia tatu za kutunza mto." Mbili alishaziandika, kupanda miti na kutotupa taka, ya tatu ilikuwa imemgomea. Akaniuliza kama kupiga kafi nako kunahesabika, maana Jumapili ndiko ninakopotelea. Nikamwambia aandike "kuelimisha jamii", kwa sababu walimu hulipigia vema jibu hilo bila maswali. Akaandika, akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki na sufuria mkononi, nikimfikiria yule mama ambaye siku ile nilitumwa kumwelimisha.

Ilikuwa Siku ya Mito Duniani. Tangu 2005, Mark Angelo wa Kanada alipoiasisi, huadhimishwa Jumapili ya nne ya Septemba, na kwetu, kwenye kikundi chetu cha kupiga kafi na kupima hali ya mto, ndiyo siku ya kuitoa mitumbwi yote, hata ule wa kijani unaovuja, na kuwaita watu wa kingoni wapande bure. Kwenye orodha yetu waliandikwa "wageni", watu ambao baadhi yao wamezaliwa hatua chache kutoka majini.

Kiongozi wetu, mzee wa kofia pana, alifungua kwa hotuba yake ya kila mwaka kuhusu Pete Seeger. Mwanamuziki wa Marekani aliyeuona Mto Hudson umegeuka mtaro, akahamasisha michango, kikajengwa chombo cha tanga kilichoitwa Clearwater. Kikashushwa majini 1969 ili watu wapande, wauone mto wao kwa karibu, na wakishauona wauonee uchungu. Mwaka 1972 Marekani ikapata sheria yake kubwa ya maji safi. Kiongozi husimulia mambo hayo mawili kana kwamba la kwanza lililizaa la pili. Mimi humsikiliza nikanyamaza, ingawa 1969 ndio mwaka ambao Mto Cuyahoga kule Ohio ulishika moto kwa mafuta na takataka zilizokuwa zikielea juu yake, na nadhani wanasiasa huogopa moto kuliko nyimbo.

Basi tukagawana. Mgeni anakaa mbele, mmoja wetu anakaa tezi kwa sababu anayekaa nyuma ndiye anayekielekeza chombo. Mgeni wangu alikuwa binti wa shule, lakini alipouona mtumbwi unavyoyumba akaghairi. Mama yake, aliyekuwa amekuja kumsindikiza tu, akasema nafasi haiwezi kupotea bure. Akavua viatu, akavaa jaketi okozi la binti yake, likamfika mbavuni. Nikamtafutia lingine.

Nilimweleza yote tunayowaeleza wote. Apige magoti ili uzito ukae chini. Tukipinduka, alale chali, miguu itangulie kule maji yaendako, wala asijaribu kusimama penye mkondo mkali, maana mguu ukinasa kati ya mawe maji yatamsukuma kifudifudi. Na mti ulioanguka mtoni tunaukwepa kwa mbali: maji hupita katikati ya matawi, mtu hapiti. Alinisikiliza kwa adabu yote, kisha akashika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili na kuniacha na makafi mawili.

"Mama, lako hili."

"Mwanangu, nikilishika hilo, mimi atanishika nani?"

Nikapiga peke yangu.

Sehemu kubwa ya safari siikumbuki vizuri. Jua, kelele za wenzetu waliokuwa wakirushiana maji, mifuko ya nailoni tuliyokuwa tukiivua kwenye matete. Ninachokikumbuka kama cha jana ni pale kwenye lile jiwe kubwa. Nyuma ya jiwe la namna ile maji hujizungusha na kurudi taratibu kule yalikotoka, kwa hiyo mtumbwi ukiingia hapo hutulia wenyewe bila kufungwa. Nilishuka, maji yakanifika magotini. Nikaikinga neti upande wa chini, nikasugua mawe kwa mkono ili vilivyoshikamana nayo ving'oke na kubebwa na mkondo hadi netini. Kisha nikaikung'uta kwenye beseni jeupe na kumwekea mama mapajani.

Mwanzoni huonekana matope tu. Unasubiri. Kisha matope yanaanza kutembea.

Kulikuwa na watoto wa kereng'ende, wenye sura ya hasira. Kulikuwa na vijidudu vyembamba vyenye mikia mitatu, matamvua yao yakipepea ubavuni. Hayo ndiyo wanayopumulia, na ndiyo sababu hawadumu penye maji yasiyo na oksijeni ya kutosha. Na kulikuwa na kijiti ambacho si kijiti. Mama alikiona kabla yangu. Kilikuwa kirefu kama ukucha wa kidole kidogo, kimejengwa kwa punje za mchanga zilizopangwa moja moja, na upande mmoja kichwa cheusi kikachungulia, miguu ikatoka, kikaanza kujikokota na nyumba yake.

Huyo ni lava, yaani mtoto, wa wadudu ambao wataalamu huwaita Trichoptera. Akikomaa huruka, na ukoo wake wa karibu ni vipepeo. Akiwa majini hutoa hariri mdomoni, akaunganisha mchanga, vijiti au vipande vya majani, akajipatia ala ya kujifichia. Nilikuwa namweleza mama haya kwa sauti yangu ya kimwalimu aliponikatiza.

"Na hiki cha buluu?"

Nikachukua kioo cha kukuzia. Katikati ya punje za mchanga, zile za kahawia na zile zinazong'aa, palikuwa na kipande cha buluu, bapa, kingo zake zimechongoka. Plastiki. Kimepangwa mahali pake barabara, kimeshonewa hariri kama vingine vyote. Fundi hakukibagua.

Tulikiangalia kwa muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu. Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa makumbusho ya Naturalis, Leiden, Uholanzi, walizipekua ala za zamani za wadudu hawa zilizohifadhiwa huko, wakakuta plastiki kwenye moja iliyookotwa 1971. Ina maana jambo hili limekuwa likiendelea muda wote huo, chini ya mawe. Lakini siku ile sikuwa nayajua hayo, nikakosa la kusema. Mama ndiye aliyesema.

"Huyu naye anajenga kwa alichookota. Sasa nyinyi mkishausafisha mto, yeye mtamwambia ahame?"

Nikacheka. Nikasema hapana, mchanga upo tele, atajenga kwa mchanga. Hakucheka. Akainua kidevu kuelekea ukingoni, kwenye mapaa ya mabati na maturubai, akasema kwamba kila mto unaposafishwa huja watu kupima, na wakishapima huwa kuna wa kuambiwa apishe.

Nilimrudishia macho kwenye beseni, maana sikuwa na jibu.

Tukasogea chini kidogo, kupita bomba moja linalomwaga mtoni. Sitasema la nani. Huwa tunapima juu ya bomba na chini yake. Kijana wetu wa vipimo alikuwa amepita asubuhi na vichupa vyake, akaandika kwamba oksijeni iko sawa kote kuwili. Nikasugua mawe, nikakung'uta neti. Hakuna wa mikia mitatu, hakuna mjenzi wa mchanga. Funza wekundu tu, wakijinyonganyonga. Hao wana himoglobini kama sisi, ndiyo inayowapa wekundu na kuwawezesha kuishi mahali ambapo wenzao hukosa pumzi. Kwa miniSASS, ule mtindo wa kupima mto kwa wadudu ulioanzia Afrika Kusini, kila kundi la wadudu lina alama yake. Unajumlisha, unagawanya kwa idadi ya makundi uliyoyapata, wastani unakupa hali ya mto. Hapo hata kugawanya hapakuwa na haja.

Nikabaki nikiangalia fomu. Vichupa vinasema sawa, wadudu wanasema si sawa.

"Unashangaa nini?" mama akauliza. Nikamwonyesha.

"Mwanangu, bomba hili mchana hulala. Njoo saa nane za usiku."

Alisema hivyo bila uzito wowote, kana kwamba ananielekeza njia. Watu wote wa upande ule walijua. Walijua kwa harufu, na kwa povu linalokuwa limeshapita kukikucha. Kichupa hupima maji yaliyopo dakika ile; ya usiku yameshakwenda zake. Mdudu hana pa kwenda, yupo chini ya jiwe wiki baada ya wiki, akimwagiwa kila kinachomwagwa. Wakazi nao vilevile. Tulikuwa na makafi, majaketi, hotuba ya Seeger na fomu mbili, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza mtu yeyote wa pale ukingoni kuhusu saa nane za usiku.

Kurudi alishika kafi. Alipiga upande wa kulia tu, kwa nguvu, nami kazi yangu yote ikawa kuzuia tusizunguke.

Yaliyofuata yanachosha kuyasimulia. Baadhi yetu walikwenda usiku pamoja na majirani zake, kwa miguu, wakachota maji, wakapiga picha. Barua ikaandikwa, jibu likaja kwamba suala linashughulikiwa. Bomba likanyamaza kwa kipindi, halafu likaanza tena, safari hii mchana kweupe. Tunaendelea kuandika barua.

Swali lake la kuhama sijalijibu. Kiongozi anasema si kazi yetu, sisi ni watu wa mto. Labda. Lakini mwaka jana tulipochagua picha za "kabla" na "baada" za kutundika kwenye maonyesho, ile ya "baada" iliyopendwa na wote ni ile ambayo mpiga picha aliinamisha kamera kidogo, mapaa yakabaki nje. Nilisema kitu kikaoni. Wakasema mwanga wake ndio mzuri.

Mama hakupanda tena, anasema magoti. Binti yake, yule aliyeghairi, siku hizi ndiye anayekaa tezi, na ananikosoa ninavyoshika kafi. Na fomu ya taarifa, yenye safu ya "idadi ya walioelimishwa", niliipigania hadi ikaongezwa safu nyingine: mgeni alituambia nini. Mara nyingi hujazwa kwamba majaketi yananuka, au kwamba tuanze mapema kabla jua halijawa kali, na wapo wenzangu wanaoiona ni kupoteza karatasi. Mwezi uliopita mtu aliandika kwamba mti mkubwa umeanguka mtoni, nyuma tu ya kona ambayo huwa tunawapitisha watoto. Tukaahirisha safari, tukaenda na msumeno.