Siku ya 125

Tarehe 4 Julai 2012 ilinikuta Lindi kwa mjomba, msimu wa ufuta. Nilikuwa nasomea uzamili wa fizikia ya nadharia, na tasnifu yangu ilihusu supasimetria, dhana inayosema kila fermioni (chembe kama elektroni) ina mwenza wake bosoni (chembe kama fotoni ya mwanga), na kila bosoni ina mwenza wake fermioni. Wess na Zumino waliipangia hesabu zake mwaka 1974, na ni hesabu tamu, ukizionja huachi.

Asubuhi ile nilimwachia mjomba ungo wake nikashuka mjini kwenye duka la intaneti. Mkutano wa CERN, maabara ya fizikia ya chembe kule Geneva, ulianza saa nne kwa saa zetu. Video iliganda, ikarudi, ikaganda tena. Joe Incandela wa CMS, moja ya timu mbili za wasakaji wa chembe, nilimsikia vipande vipande. Fabiola Gianotti wa ATLAS, timu ya pili, nilimwona mdomo tu, sauti hamna. Lakini namba zilifika: 125.3 kwa hao, 126.5 kwa hawa, kwa GeV, kipimo cha uzito wa chembe. Bosoni ya Higgs, chembe inayohusishwa na uzito wa chembe nyingine, imepatikana! Vijana wa dukani walimshangaa mtu mzima anayeipigia grafu makofi.

Makofi hayakudumu. Katika toleo dogo kabisa la supasimetria, Higgs nyepesi, kwa hesabu ya awali, hairuhusiwi kuizidi uzito chembe ya Z, moja ya zile zinazobeba nguvu dhaifu ya nyuklia, yaani GeV 91 hivi. Kinachoipandisha ni marekebisho ya kikwantamu, yaani nyongeza zinazoletwa na chembe nyingine, hasa yale ya kwaki topu, chembe ya msingi nzito kuliko zote zinazojulikana, na mwenza wake. Mwenza akiwa mzito, Higgs nayo hupanda, ingawa kuvuka 135 ni shida. Ndiyo maana 125 iliniudhi. Ingekuja 140, toleo langu lingekufa siku ileile, ningelia kidogo nikabadili mada. Ingekuja 115, ningechinja kuku. Hii 125 inakubalika, ila inamtaka mwenza wa topu awe mzito sana, au mchanganyiko wa aina zake mbili uwe mkubwa mno. Na uzito huo ndio unaotia doa sababu iliyotufanya tuipende nadharia yenyewe: wenza walitakiwa kufuta marekebisho makubwa ya uzito wa Higgs bila sisi kuzibembeleza namba. Mwenza mzito hivyo alikuwa mdhamini anayekulipia deni kwa kukopa kwa jina lako.

Mjomba, aliyekuwa fundi wa mashine za kusaga, alinipokea kwa swali.

“Haya, wamempata huyo mtu wenu?”

“Wamempata, mjomba.”

“Na wale wenzake uliokuwa unawasimulia?”

“Bado.”

“Hata mmoja?”

“Hata mmoja.”

Alipepeta, akapuliza makapi. “Mashine wameiwasha kwa nguvu yote?”

Nikamweleza kwamba mashine yao ya kugonganisha chembe imeundwa kufika TeV 14 (TeV moja ni GeV 1000), na mwaka ule inakwenda kwa 8.

“Ah! Basi wanachezea. Waambie wakoleze.”

Walikoleza kweli, mwaka 2015, hadi 13, na wenza hawakutokea. Lakini hayo ni ya baadaye. Usiku ule mjomba alinung’unikia mafuta yake ya taa huku mimi nikikata kurasa za sura ya tatu, ambamo nilikuwa nimemweka mwenza wa topu kwenye GeV 400, nikaanza hesabu upya kuanzia 1000 kwenda juu.