Nilivyorudi polisi wa akiba baada ya kuandikiwa pumu

Nilitolewa polisi wa akiba kabla sijamaliza mafunzo. Cheti kilikuwa na neno moja: pumu. Sijawahi kuugua pumu. Wiki zile nilikuwa nikimsaidia mjomba kwenye tanuri la chokaa hapa Lamu, matumbawe yakichomwa kwa magogo ya mikoko, na moshi ule si mchezo. Nilikohoa mwezi mzima. Daktari akanisikiliza kifua dakika mbili, akaandika.

Kosa langu lilikuwa kwenda kubishana. Karani akanijibu, "Kaka, mimi nasoma karatasi, sisomi kifua." Lilinichoma, lakini alisema kweli.

Nikavuka hadi Mokowe, upande wa bara, nikapanda basi la Mombasa kumwona daktari wa kifua. Nikapuliza mashine kwa nguvu zote, nikapewa dawa ya kuvuta, nikangoja dakika 15, nikapuliza tena. Kwa mwenye pumu, hewa inayotoka sekunde ya kwanza mara nyingi huongezeka baada ya dawa. Kwa kawaida hutazamwa ongezeko la asilimia 12 na mililita 200. Yangu haikusogea. Akanionya kwamba kipimo kimoja hakitoshi, kwani pumu huja na kuondoka, akanipa kifaa kidogo nipulize asubuhi na jioni wiki mbili, namba niziandike daftarini. (Mke wangu alicheka sana.)

Nikapeleka barua yake, daftari na ombi jipya, bila neno la lawama. Nikapimwa upya, nikakubaliwa. Mafunzo nikayaanza mwanzo kabisa, na vijana wanaoniita mzee.